Wasomaji wanauliza: maji ya chini ya kiwanja ni ya nani?

Nina kiwanja Kampemba, karatasi zote ziko sawa. Nataka kuchimba foraji (kisima kirefu cha bomba), nitumie nyumbani na kuuza maji kwa bidoni. Fundi anasema maji yaliyo chini ya kiwanja changu ni yangu, hakuna ruhusa ya kutafuta. Ni kweli? (Mama wa Kampemba, Lubumbashi)

Si kweli, Mama. Sheria ya maji ya Kongo (DRC), namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayaweka maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, katika mali ya umma ya Serikali. Hati yako ni ya ardhi tu. Biashara haikatazwi: sheria hiyo ndiyo iliyowafungulia watu binafsi huduma ya maji, ambayo zamani ilikuwa ya REGIDESO, shirika la maji la Serikali. Lakini matumizi yamepangwa kwa ngazi: tamko (kuijulisha Serikali tu), idhini (kupewa ruhusa) na konsesheni (mkataba na Serikali). Usiandike kwenye tamko kwamba ni kisima cha nyumbani halafu ukaweka mabomba ya kuuzia barabarani. Nenda kwanza kwenye ofisi ya mkoa wa Haut-Katanga inayosimamia maji, kabla mashine haijafika, na udai risiti kwa kila malipo.

Katika mkataba na fundi, andika mambo haya: kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka choo chochote, pamoja na cha jirani; nafasi kati ya bomba na udongo izibwe kwa saruji katika mita za juu; na usimalize kulipa kabla ya kupewa ripoti. Saruji hiyo ndiyo mafundi wengi wanaikwepa, kwa kuwa ikishafukiwa haionekani. Ikikosekana, maji machafu ya juu huteremka kando ya bomba hadi kwenye maji unayokunywa, hata kisima kiwe na mita 60.

Ripoti ionyeshe tabaka za udongo na mwamba, kina cha maji kabla ya kupampu, maji yalishuka mita ngapi wakati wa jaribio, na kwa mtiririko gani. Jaribio la saa moja halitoshi kwa kisima cha biashara. Dai saa 24, na kina kipimwe tena pampu ikizimwa. Kisha peleka maji maabara: E. koli (kijidudu cha kinyesi) isionekane katika mililita 100, nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita. Katika mji wa migodi, omba pia shaba, kobalti na manganizi.

Kabla ya kutumia, ua vijidudu. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 113 hubeba lita 10 hivi kwa kila mita. Ukiwa na mita 40 za maji ni lita 400: changanya gramu 31 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye ndoo ya maji, mimina, acha saa 12, kisha pampu mpaka harufu iishe.

Jirani amechimba foraji, na kisima changu cha mkono kimekauka mwezi wa tisa. Nimshtaki? (Baba wa Katuba)

Pima kwanza, Baba. Mvua za Lubumbashi hukatika mwezi wa nne na kurudi karibu na mwezi wa kumi na moja, hivyo visima vifupi hushuka vyenyewe kipindi hiki. Lakini foraji inayopampu huvuta maji kutoka pande zote, na kisima cha karibu chaweza kushuka nayo. Kama yamebaki maji kidogo, funga jiwe kwenye utepe wa mita na upime daima kutoka alama moja ukingoni. Mwombe jirani azime pampu usiku kucha. Pima asubuhi kabla ya mtu kuchota. Akiwasha, pima kila nusu saa, bila kuchota, na uandike kila kipimo na saa yake kwenye daftari. Maji yakishuka pampu ikiwaka na kupanda ikizimwa, siku tatu mfululizo, una hoja. Yasipotikisika, jirani hana kosa.

Mpelekee shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) daftari hilo, pamoja na jirani mwenyewe. Mara nyingi inatosha apunguze mtiririko na kujaza tangi usiku. Msipoelewana, daftari hilohilo lipelekwe ofisi ya mkoa.

Naweza kugeuza kisima kilichokauka kuwa shimo la choo? (Msomaji, Ruashi)

Usifanye hivyo kabisa. Kinyesi kitafika moja kwa moja kwenye maji ya kartie nzima. Kijaze mchanga safi na udongo wa mfinyanzi, na ufunge juu kwa zege.