Kwa nini mzee "kaleft"

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mguu wa mama yako unamsumbua asubuhi, ila ukishapata jua unatulia.

Swali lako nimelipata: "Baba, mbona umejitoa kwenye grupu la ukoo? Umekasirika na nani? Watu wanauliza." Nasikia kaka yako naye anatangaza kwamba mzee "kaleft". Nimepeleka maneno ya watu karibu maisha yangu yote ya kazi, hilo sikuwahi kukutana nalo.

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nikifika mstari wa tano kidole kimechoka, na yenyewe inajifanya inajua Kiswahili kuliko mimi. Juzi nimemwandikia shemeji yangu "asante sana", ikamfikia "asante Santa". Akanipigia kuuliza Santa ni nani. Nilikuomba namba ya sanduku lako la posta, ukasema siku hizi nani ana sanduku. Basi barua ya mstaafu wa posta inasafiri kwa basi, imefungwa pamoja na chupa ya asali.

Unakumbuka siku uniti za umeme zilipotuishia saa moja jioni. Ulinunua tokeni ukiwa huko huko Dar, dakika mbili tu, Mungu akubariki, lakini ukaiweka kwenye grupu kwa sababu kaka yako alitaka aone kama kweli imenunuliwa. (Hilo la ninyi wawili kuoneshana risiti za umeme wa wazazi mbele ya ukoo mzima tutaliongea siku nyingine.) Namba za LUKU ni ishirini. Mimi nimesimama ukutani, simu mkono wa kushoto, miwani inateremka puani, nabonyeza moja moja. Nilipofika ya nane kioo kikazima. Kukiwasha, grupu limeshasogea: maua ya usiku mwema, video ya mbuzi anayecheza ngoma, mtu anauza kitanda. Nikaanza kupandisha juu kutafuta tokeni yangu. Katikati ya hayo ndipo ikapita picha ya mshumaa, na chini yake jina la shangazi yako.

Yule ndiye dada yangu aliyenibeba mgongoni. Siku mbili kabla nilikuwa nimeongea naye, yupo kwake Urambo, analalamika kuku wake wanaibwa.

Chini ya mshumaa pole zilikuwa zinamiminika. Amina. Poleni sana. Vikatuni vya kulia, vitatu vitatu. Mmoja, sitamtaja, aliweka dole gumba. Na simu yangu haikuita hadi karibu saa tatu usiku. Baadaye nilielewa sababu: kila mmoja alijua mzee yumo kwenye grupu, ameshasoma, kazi imekwisha.

Ngoja nikueleze nilikotoka. Niliingia Posta na Simu hapa Tabora mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina miaka miwili tangu ivunjike. Wakanikalisha dirisha la telegramu. Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walijifunza kubana. MAMA MGONJWA NJOO. Maneno matatu. Mwanzoni nilizipokea kama zilivyo, namwambia mteja Mungu atamponya mgonjwa. Baadaye nikaanza kuangalia nyuso. Mtu analeta fomu macho yamevimba, na wenzake wawili wamemsindikiza kama bibi harusi. Mama hakuwa mgonjwa, alishafariki. Waliandika "mgonjwa" ili kijana aliyeko Mwanza au Tanga apande treni akiwa na nguvu zake, afike nyumbani, apokewe mzigo, apewe kiti, ndipo mkubwa wa nyumba amwambie. Uongo ule ulilipiwa kwa neno, na sikumwona hata mmoja aliyerudi dirishani kuulalamikia. Najua utasema waliupokea huku wanaelewa. Wengi walielewa, ndiyo. Lakini walikuwa na safari nzima ya kujidanganya, na safari ile ina kazi yake.

Zile ambazo hazikufichwa zilipelekwa na tarishi wetu, mtu mzima, na baiskeli ya ofisi. Telegramu za kawaida alizitia kwenye mkoba. Ya msiba aliiweka mfuko wa shati. Akifika hakuita jina la mtu tokea barabarani. Aliegemeza baiskeli, akapiga hodi, akaomba maji ya kunywa. Wewe unapokwenda kuyachota unapata nafasi ya kujiuliza, huyu wa posta leo ana nini? Ukirudi anakunywa taratibu, anauliza kuna nani mwingine nyumbani. Kama uko peke yako anakutuma kwanza ukamwite jirani. Mimi kijana wa mjini nikamuuliza siku moja kwa nini anachelewa hivyo kurudi ofisini, wakati watu wametoa hela yao ili ujumbe ufike haraka. Alinitazama kama nimemtukania mama yake, akaenda kutia upepo tairi.

Mwaka 1994 shirika likagawanywa. Simu zikaenda TTCL, sisi wa barua tukabaki Shirika la Posta, na telegramu zikafifia zenyewe bila mtu kuzilia. Hata mimi sikuzilia.

Basi usiku ule nikatoka pale ukutani nikaenda jikoni. Mama yako anasonga ugali kwa mwanga wa chemli. Nikamwomba maji. Akasema, "Si hayo hapo nyuma yako?" Nikamwambia nipe wewe. Akanipa, nikanywa. Nikamwambia epua sufuria. Aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Nani?"

Hakuuliza nini. Aliuliza nani.

Tulikaa gizani hadi asubuhi. Zile namba kumi na mbili zilizobaki sikuziingiza.

Sasa, yule mjukuu aliyeweka mshumaa simlaumu, umwambie hivyo. Bibi yake amekata roho yeye yupo pale, na kwake grupu ndiko kupiga yowe. Ila yowe la kijijini watu huliitikia kwa miguu. Sisi tumeliitikia kwa dole gumba, tukarudi kwenye mbuzi anayecheza ngoma.

Na usidhani mimi ni msafi. Mwaka 2020 nilisambaza maelekezo matatu ya kujifukiza, yote yanapingana. Nilishawatumia watu kumi ule ujumbe kwamba usiposambaza, programu itaanza kulipiwa kuanzia Jumamosi. Na ile sauti ya dakika nne kuhusu mahari ya mkwe wako, iliyokusudiwa mama yako peke yake, wote mliisikia. Aliyebuni kitufe kile angekiweka mbali kidogo na kidole cha mzee.

Usije ukadhani naichukia simu. Hela unayotuma inafika kabla sijamaliza kusema aloo, nami nimewaona watu wakimaliza asubuhi nzima kwenye foleni yetu kusubiri hawala. Mjukuu wangu nimemwona anapiga hatua za kwanza, ijapokuwa ulirekodi kiubavu hadi shingo ikaniuma.

Unajua ni lini mara ya mwisho ukoo ulinipigia kwa wingi? Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Watu watano kwa siku moja! Binamu yako mmoja tulikuwa hatujasemezana tangu Idi. Alipiga kuuliza kama kwangu mtandao upo. Nikamwambia haupo. Basi kwa kuwa alishapiga na hakuwa na la kufanya, tukaongea nusu saa, akanieleza habari za talaka yake ambazo grupu zima halikuwa nazo.

Kwa hiyo sirudi. Sijakasirika na mtu, nawe ukiulizwa sema mzee bado ana simu na huwa inaita. Michango ya ukoo nitamtumia kaka yako moja kwa moja, asiniweke kwenye ile orodha yenye alama za tiki. Tokeni unitumie mimi, kwenye meseji ya kawaida, namba nne nne zenye nafasi katikati. Na likitokea jambo, mtafute mama yako mdogo, nyumba yake si mbali, atakuja hata usiku. Maji ya kumpa yapo.

Mzigo ukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi, uliza kwenye ofisi ya mizigo, una jina lako. Asali nimeifunga mifuko miwili lakini ishike wima. Ukishaipata nipigie. Usiniandikie "nimepata".

Ni mimi baba yako.