Faili ghafi kunyauka ukiifungua kwenye darktable: nilivyojifunza mimi, na pa kuanzia

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana miaka minne iliyopita lilikuwa swali langu karibu neno kwa neno. Unasema umeacha kupiga JPEG, sasa unapiga RAW (faili ghafi, kabla kamera haijaitengeneza picha), ukapakua darktable kwa kuwa ni programu huria ya kuhariri picha isiyodai malipo ya kila mwezi. Lakini kila picha ukiifungua inafifia na kuwa mbaya kuliko ulivyoiona kwenye kioo cha kamera. Moduli, yaani zana za kuhariri ndani yake, ni nyingi hujui ushike ipi, na video ulizotazama zinapingana. Unauliza kama programu ndiyo mbovu, na kama uhamie RawTherapee, programu nyingine ya faili ghafi, au utumie GIMP.

Programu si mbovu, na usihame kwanza. Ngoja nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, nami nusura niwe mmoja wao.

Kilichoniumiza zaidi nikiwa mgeni ni hiki. Kwenye meza ya mwanga, ule ukurasa unaoonyesha picha zote, kijipicha kinapendeza. Nabofya mara mbili niingie chumba cha giza, nasubiri kidogo, na mbele ya macho yangu picha inanyauka. Nilidhani nimebonyeza kitu kibaya. Kumbe kile kijipicha kizuri kilikuwa JPEG ndogo ambayo kamera huipachika ndani ya faili ghafi, na darktable huonyesha hiyo kwa picha ambayo bado hujaigusa. Ukiingia chumba cha giza ndipo inaanza kuisoma faili ghafi yenyewe.

Na faili ghafi yenyewe ni hesabu ya mwanga tu. Kwenye kamera nyingi, juu ya kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, kuna vichujio vilivyopangwa kwa namna aliyoibuni Bryce Bayer wa Kodak, ikapewa hataza mwaka 1976: kila pikseli inaona rangi moja peke yake, nusu ya pikseli zote kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana hukadiriwa na programu kwa kuangalia pikseli jirani. Kamera ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ina 256 kwa kila rangi. Ngazi hizo zimeandikwa zilivyo: mwanga ukiwa maradufu, namba nayo ni maradufu. Jicho letu halipimi hivyo, ndiyo maana picha ghafi inatoka imelala, haina uhai. Kamera ikitengeneza JPEG huinua vivuli, hukoleza rangi, hunoa kingo, hufuta chengachenga (vile vidoadoa vya mwanga hafifu), kisha hutupa kilichobaki. Kazi hiyo yote sasa ni yako.

Picha iliyonifungua macho ni ya mama yangu. Ameketi karibu na dirisha anashona kifungo cha shati, ncha ya uzi ameibana kwa meno. Dirisha liko nyuma yake kidogo, lina pazia jeupe jepesi. Nilipima mwanga wa pazia ili lisiungue, yaani lisiwe jeupe tupu, kwa hiyo uso wa mama ukaingia gizani. Nilipokuja kuihariri nikafanya kama unavyofanya wewe sasa: nikainua vivuli kwa moduli moja, nikaongeza utofauti kwa nyingine, nikaona dirisha limezidi nikalishusha kwa ya tatu, rangi zikafa nikazikoleza kwa ya nne. Mpaka nachoka, orodha ya historia ilikuwa na hatua 23. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, na pembeni ya kitambaa chake cha kichwa kulikuwa na mstari mweupe kama moshi. Mama alipoiona akaniuliza, "Kwani siku ile nilikuwa naumwa, mwanangu?"

Sikuigusa tena kwa miezi kadhaa. Niliirudia baada ya kuelewa jambo moja ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza: weka mwangaza kwa ajili ya kitu unachokipiga, na dirisha liache liungue kwa muda.

Nikaanza upya. Nikafungua moduli ya mwangaza, nikasogeza kitelezi nikiangalia uso wa mama tu, mpaka ukawa kama ninavyoukumbuka. Kikasimama kwenye +1.9 EV. EV moja ni mwanga maradufu, kwa hiyo nilikuwa nimeuzidisha karibu mara nne. Pazia likawa jeupe tupu. Zamani hapo hapo ningerudi nyuma. Safari hii nikaliacha, kwa sababu ndani ya darktable hesabu hufanywa kwa namba za desimali, na thamani ikivuka nyeupe haikatwi. Inabaki hai ndani ya mkondo, yaani mfululizo wa moduli ambazo picha inapitia, ikisubiri moduli ya mbele inayokandamiza toni zote zienee kwenye kioo. Moduli hiyo inaweza kuwa filmic au sigmoid, chagua moja. Mimi natumia sigmoid kwa kuwa ina vitelezi vichache. Nikashusha utofauti wake kidogo, na mikunjo ya pazia ikaanza kuchungulia.

Kisha nikawasha moduli ya kusawazisha toni. Hii ina jambo ambalo wengi hawalijui: ukiiwasha, peleka kishale juu ya picha yenyewe kisha zungusha gurudumu la kipanya. Nikaweka kishale juu ya pazia nikazungusha kuelekea chini, na sehemu zote zenye mng'ao kama wa pazia zikashuka pamoja, taratibu, uso ukibaki ulivyo. Ule mstari wa moshi pembeni ya kichwa haukutokea. Mikunjo ikarudi, hata kivuli cha fremu ya dirisha kikaonekana kupitia kitambaa. Hatua za historia zilikuwa tano.

Hili linawezekana tu kama pazia halikuungua kwenye kihisi chenyewe. Chini ya picha kuna kitufe cha kuonyesha pikseli ghafi zilizojaa. Kibonyeze kabla hujaanza kuhangaika. Pikseli zikiwa zimejaa pale, hakuna moduli itakayokurudishia kitu ambacho kamera haikukiandika. Na usiamini histogramu ya kamera, ile grafu ya mgawanyo wa mwanga, kwa asilimia mia, kwa sababu inahesabiwa kutoka kwenye JPEG. Mara nyingi inasema kumeungua wakati faili ghafi bado ina nafasi.

Sasa kuhusu video zinazopingana. Angalia tarehe. Toleo la 2.6 la Desemba 2018 ndilo lililoleta filmic, toleo la 3.0 la Desemba 2019 likaileta upya pamoja na hiyo moduli ya kusawazisha toni, na sigmoid ikaja na toleo la 4.2 Desemba 2022. Mwalimu anayeanza na moduli ya kurva ya msingi anakufundisha njia ya zamani, ambapo mwanga hubanwa mapema kisha marekebisho mengine hufanywa kwenye kilichokwisha kubanwa. Si kwamba amekosea, picha nzuri nyingi zilitoka kwa njia ile. Lakini ukichukua nusu ya somo lake na nusu ya somo la mwaka juzi, unabana mwanga mara mbili, na huo ukijivu unaoulalamikia unaweza kuwa umetoka hapo. Ingia kwenye mapendeleo, sehemu ya uchakataji, uone umechagua mkondo upi. Halafu tazama moduli zilizowashwa: ukikuta kurva ya msingi na sigmoid zote zinafanya kazi, zima kurva.

Kingine ambacho kilinichukua muda kukikubali ni kwamba mpangilio wa kubofya kwako haubadilishi matokeo. Orodha ya historia inaonyesha ulibofya nini lini, lakini picha inapita kwenye moduli kwa utaratibu wake uliopangwa, kuanzia ya chini kabisa kwenye safu ya kulia kupanda juu. Ukinoa kwanza au mwisho, kunoa kunafanyika mahali pake pale pale. Nilipolielewa hili niliacha kufuta kila kitu na kuanza upya kila ninapokosea. Narudi tu kwenye ile moduli iliyokosea, nairekebisha, na zilizo juu yake zinajipanga.

Mizania ya weupe nayo itakutega, mimi ilinitega wiki nzima. Kwenye mkondo wa sasa, moduli ya zamani ya mizania ya weupe inatakiwa kuachwa kwenye rejea ya kamera, na marekebisho yafanywe kwenye moduli ya ulinganifu wa rangi inayokuja baadaye. Mimi nikawa nazisogeza zote mbili. Ngozi za watu zikawa na rangi ya chungwa ambayo sikuweza kuiondoa, nikalaumu lenzi, nikalaumu kioo cha kompyuta. Wakati huo wote programu ilikuwa inaniandikia onyo jekundu ndani ya moduli kwamba mizania imewekwa mara mbili, nami sikuwa nalisoma. Maonyo ya darktable yasome, mkuu, hayawekwi bure.

Nikuambie na kuhusu mafuvu. Siku moja niliamua kupanga diski, nikahamisha folda tatu kwa kidhibiti faili cha kompyuta. Nilipofungua darktable, mahali pa picha kulikuwa na mafuvu ya kichwa, safu kwa safu. Moyo ulinilipuka. Fuvu maana yake programu haiioni faili pale ilipoizoea. Kilichoniokoa ni faili ndogo za XMP. Kwa kila picha, mfano DSC_0412.NEF, darktable huandika kando yake DSC_0412.NEF.xmp, na humo ndimo uhariri wako wote unaishi. Faili ghafi yenyewe haiguswi kamwe. Nilikuwa nimezihamisha pamoja, kwa hiyo nilipoingiza folda upya kutoka mahali papya, kila picha ikarudi na uhariri wake. Rafiki yangu mmoja aliona hivyo vifaili vidogo havifunguki kama picha, akavifuta ili "kusafisha" folda, kisha akahamia kompyuta nyingine bila kuchukua hifadhidata ya darktable, ambayo nayo hutunza uhariri. Kazi ya miaka miwili ilienda. Ukinakili picha, nakili na XMP. Ukitaka kuhamisha folda, ihamishe ukiwa ndani ya darktable.

RawTherapee ni programu nzuri, naitumia mpaka leo kwa picha za ndege na majani. Gábor Horváth ndiye aliyeianzisha, na mwaka 2010 aliufungua msimbo wake chini ya GPL, leseni ya programu huria. Ukifungua picha ndani yake inaweza kukupa kurva inayojilinganisha na ile JPEG iliyopachikwa, kwa hiyo mshtuko wa kunyauka unapungua, na kama hilo peke yake ndilo linalokufukuza, ijaribu bila aibu. Toleo la 5.9 la Novemba 2022 lilileta marekebisho ya sehemu moja ya picha, jambo lililokuwa linakosekana. Ila nayo ina desturi zake. Kunoa na kufuta chengachenga huvioni ipasavyo mpaka ukuze picha kwa asilimia 100, na wageni hudhani havifanyi kazi wakavivuta mpaka picha ikawa kama nta. Ukihama leo kwa sababu ya hasira, utakutana na makumi ya vitelezi vipya ukiwa bado hujui lile jambo moja la mwangaza. Kaa kwanza.

GIMP uliyoitaja ni programu huria ya kazi nyingine. Haisomi faili ghafi yenyewe, huipeleka kwa darktable au RawTherapee kisha inapokea matokeo. Utaihitaji pale unapotaka kuunganisha picha au kuondoa kitu kikubwa.

Kwa wiki nne zijazo nakuomba utumie moduli tano tu: mwangaza, ulinganifu wa rangi, sigmoid, kusawazisha toni, na ile ya kufuta chengachenga yenye vipimo vya kamera, ambayo inajua kamera yako inatoa chengachenga kiasi gani kwa kila ISO na mara nyingi huhitaji kuigusa zaidi ya kuiwasha. Moduli zingine usizifungue. Chagua picha moja ngumu, yenye mtu na dirisha kama ile ya mama, uihariri upya kila wiki kwenye nakala mpya. Kitufe cha kurudufu kinatengeneza XMP nyingine bila kunakili faili ghafi, kwa hiyo hailei nafasi kubwa kwenye diski. Ya kwanza usiifute hata ikikuudhi. Ukifika ya nne, weka hapa XMP zote pamoja na faili ghafi, nitazifungua moja moja nikuonyeshe nilichokiona.