Umekwama 1500? Anza na saa

Kijana wa Kondele, hapa Kisumu, ameniandikia kwamba kila usiku anacheza sataranji ya dakika 3 kwa kila mchezaji, bila nyongeza ya sekunde baada ya hatua, mpaka macho yanamuuma, na reitingi yake (namba inayopima uwezo wake) kwenye tovuti ya Lichess haitoki 1500. Anataka nimtajie ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za kwanza, wa kujifunza. Karibu wote huuliza hilo, na karibu wote hununa nikiwajibu: ufunguzi uache kwanza. Ukiweza kutoa farasi na maaskofu, na mfalme akajificha pembeni nyuma ya askari wake kabla ya hatua ya 10, una ufunguzi wa kukutosha kwa sasa. Halafu hiyo 1500 ndiyo namba anayopewa kila mgeni anapofungua akaunti Lichess. Usiilinganishe na 1500 ya Chess.com, ambayo kwa kawaida ni ngumu zaidi kuipata.

Piga hesabu. Mchezo wa hatua 40 kwa dakika 3 unakupa sekunde nne na nusu kwa kila hatua. Hapo hufikirii, mkono unarudia ulichozoea pamoja na makosa yake. Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 zinakupa zaidi ya sekunde 30 kwa hatua zilezile. Cheza michezo miwili tu kwa jioni, maana mmoja ukirefuka unaweza kula dakika 45. Kabla ya kugusa kete, tazama mpinzani ametishia nini, kisha jiulize ni kete gani yako itakayobaki bila mlinzi ukishacheza. Watu wa 1500 hawashindwi kwa mikakati. Wanaacha askofu aliwe bure. Farasi anawatishia mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Au ngome inashuka hadi safu ya mwisho na kumkuta mfalme amebanwa na askari wake mwenyewe, na hilo lina dawa rahisi: mapema kidogo, msogeze askari wa mstari wa h, ule wa pembeni mbele ya mfalme, nyumba moja, mfalme apate pa kutokea.

Mchezo ukiisha, injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua mchezo, ibaki imezimwa. Upitie kwa kichwa chako dakika 15, andika hatua unayodhani ilikuponza na ulikuwa umebakiwa na muda gani. Ndipo ufungue injini ya Stockfish. Mnapotofautiana, hapo ndipo pa kukaa. Anayeanza na injini husema "aa, hiyo niliiona", na hakuiona.

Mafumbo 15 kwa siku yanatosha, mada moja kwa wiki nzima, na usiguse kete kabla hujaona jibu la mpinzani. Kubahatisha hakumfunzi mtu.

Michezo mingi ya ngome huishia na askari mmoja, na watu wanaitupa. Jifunze nafasi ya Lucena, ambapo mwenye ngome na askari mmoja anamshinda mwenye ngome peke yake, mpaka uicheze usingizini (herufi hutaja mstari wa wima wa ubao, namba ule wa mlalo). Mweupe ana mfalme b8, askari b7, ngome c1. Mweusi ana mfalme d7, ngome a2. Ngome yako inakwenda d1 na kumpiga shaha. Mfalme wake akienda e7, ipandishe ngome d4, ndiyo siri yote. Sasa mfalme wako anatoka c7, anafukuzwa kwa shaha b6, c6, b5, na shaha inayofuata unaizuia kwa ngome b4. Askari anapita. Asiyejua d4 hupigwa shaha mpaka akubali droo.

Mtandao nao ni sehemu ya mchezo, hasa kwetu. Kisumu mvua ya jioni huja na radi, na mara nyingi stima huondoka nayo, rauta ikizimika na saa yako ikiendelea kukimbia. Weka simu yenye chaji na bando tayari kabla ya mashindano. Mchezo wenyewe hula bando kidogo mno. Kinachoumiza ni ucheleweshaji. Seva za Lichess ziko Ufaransa, na tovuti hiyo hufidia sehemu tu ya muda unaopotea njiani. Bofya jina lako uone pingi, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde: ikiwa imetulia, hata ikiwa 200, cheza, ikirukaruka hadi 800, baki kwenye mafumbo.

Kuhusu kupanga hatua kabla ya zamu yako: Lichess haikukati muda, Chess.com hukata sehemu ya kumi ya sekunde. Ifanye pale tu ambapo mpinzani hana hatua nyingine ila ile unayoitarajia. Ukiizoea ovyo, utampa mtu malkia kwa mkono wako.

Mwisho, arena, yale mashindano ya Lichess ya kucheza mchezo baada ya mchezo mpaka muda uishe. Ushindi ni pointi 2, droo 1, na ukishinda miwili mfululizo, ushindi unaofuata unazaa 4. Kitufe cha berserk hukuongezea pointi 1 ukishinda, ila hukata nusu ya saa yako na kuifuta nyongeza: 3+2, yaani dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, inakuwa dakika moja na nusu kavu. Kibonyeze dhidi ya mtu uliyemzidi reitingi kwa 300, na kamwe usikibonyeze mvua ikinyesha.