Ufunguo nitakutengenezea, imobilaiza siigusi

Swali la wiki: fundi amjibu nini mtu asiyemjua anayemwandikia mtandaoni, "Nielekeze kuwasha gari bila ufunguo"?

Aangalie kinachoombwa. Aliyepoteza ufunguo anataka ufunguo. Anayetaka imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka isipotambua chipu ya ufunguo) izimwe, aonyeshwe waya wa kuunga au atumiwe faili la kontroli boksi (kompyuta ya injini) huku gari lenyewe halileti, huyo anataka gari liwake kwa ufunguo wowote. Asipewe.

Shida nyingi za kweli wala hazihitaji kuzima kitu. Starta inazungusha, injini inashika sekunde mbili tatu kisha inazima, taa ya ufunguo kwenye dashibodi inawaka na kuzimika. Muulize: umebadilisha kava la ufunguo? Chipu ni kipande kidogo cheusi, hakifikii ukubwa wa harage, na kwenye funguo nyingi hukaa peke yake, mbali na saketi ya rimoti. Wabadilishaji kava wa barabarani huhamisha saketi na betri, chipu ikatupwa na kava la zamani. Kuweka betri mpya hakusaidii, kwa sababu chipu hupata nguvu kutoka kwenye koili inayozunguka swichi. Mwenye gari akisikia hivyo hukimbilia kulitafuta kava lake. Mwingine atakuandikia tena: "Nipe njia tu, bei sio tatizo."

Funguo zote zikiwa zimepotea, gari lije au fundi alifuate lilipo, mchana. Kadi ya gari na kitambulisho viwe mkononi. Picha ya WhatsApp haitoshi. Kisha linganisha kadi na namba ya chesisi. Kwa magari mengi yaliyotumika Japani namba hii haina tarakimu 17: huanza na msimbo wa modeli kama NCP, kistari, halafu tarakimu. Hupigwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele. Pitisha kidole. Chuma kilichosagwa, rangi mbichi, herufi zilizopinda: acha kazi hapo hapo.

Wengi wetu huchelewa kubadilisha jina kwenye kadi, na hilo si kosa la kumwita mtu mwizi. Dai mkataba wa mauziano, umpigie aliyeuza. Andika kwenye daftari jina, namba ya chesisi, tarehe na idadi ya funguo ulizotoa. Funguo za zamani zifutwe kwenye kumbukumbu ya gari, maana aliyeziokota anaweza kuwa jirani.