Maswali na Majibu: Pesa za gemu za Mombasa zahesabiwa wapi?

Wiki hii karibu maswali yote yanahusu EA, kampuni ya Marekani inayotoa gemu ya mpira (zamani FIFA, sasa EA Sports FC) inayochezwa katika mabanda ya pleisteshoni kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Naanza na lile lililoulizwa na wengi.

Nimepitia hesabu za mwaka za EA. Kuna Amerika Kaskazini, halafu kuna "kimataifa". Afrika iko wapi? – Kijana wa Kisauni

Afrika haina safu yake, mdogo wangu. EA huyagawa mapato yake mafungu mawili hayo tu. Fungu la kimataifa limebeba Ulaya, Asia, Amerika Kusini na sisi, na kwa miaka mingi ndilo zito: zaidi ya nusu ya mapato yote. Sababu kubwa ni soka. Wamarekani wana Madden, gemu ya ule mpira wao wa kubeba mkononi, ambayo nje ya kwao haina soko la maana. Dunia iliyobaki inataka soka.

Lakini kukosa safu silo linaloniuma. Sony, watengenezaji wa PlayStation, haijaiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation; kusini mwa Sahara, Afrika Kusini pekee ndiyo imo. Sasa mtazame kijana wa Mishomoroni anayefungua akaunti. Orodha ya nchi inatokea, anaipitia juu hadi chini, Kenya haipo, anachagua Marekani. Kisha anamtumia muuzaji pesa kwa M-Pesa, anarushiwa kwa WhatsApp nambari za kadi ya dola ya kulipia katika duka la PlayStation, anaziandika kwa pedi herufi moja baada ya nyingine, akikosea anaanza upya. Pesa imetoka Mishomoroni, lakini duka lililouza ni la Marekani na mteja aliyesajiliwa ni wa Marekani. Hata katika lile fungu la kimataifa huyu kijana hayumo!

Kwa hiyo jedwali la namna hii lisome hivi: linaonyesha mauzo yameandikwa wapi. Wachezaji wako wapi, hilo ni jambo jingine. Ukimsikia mtu akisema Waafrika hawanunui gemu kwa sababu tu ya majedwali haya, usimkubalie.

Nina banda Majengo, mashine nne, diski zote nimenunua mtumba. EA inapata chochote kwangu?

Kwa hizo diski, hapana. Ilishapata chake siku diski iliponunuliwa mpya mara ya kwanza, pengine Dubai au Uingereza. Tangu hapo inauzwa mkono kwa mkono na kampuni haioni hata senti. Wateja wako wanaolipia mechi na kuondoka hawaonekani katika hesabu yoyote, ingawa wengi wao wameijua gemu hii kwako wala si kwa tangazo.

Mwanangu wa miaka 13 ametumia pesa za simu yangu kununua "pakiti" za wachezaji. Gemu si tayari tunayo? Analipia nini tena? – Mama wa Tudor

Pole sana, dada. Swali lako ndilo linalogusa kiini cha biashara yote hii.

Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2024, EA ilipata dola bilioni 7.56. Mauzo ya gemu zenyewe yalikuwa bilioni 2.02 hivi. Zilizobaki, bilioni 5.55, karibu robo tatu, zilitokana na yale yanayolipiwa baada ya gemu kuwa tayari mkononi mwa mchezaji, na pakiti hizo zimo humo. Mtoto analipa kwanza, anafungua, ndipo anajua amepata mchezaji gani. Akipata dhaifu, anatamani kufungua nyingine.

Mimi naona hiyo ni bahati nasibu kwa mtoto, na nasema hivyo bila kusita. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji iliamua hivyo hivyo, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti. Uholanzi nako mdhibiti aliitoza EA faini ya euro milioni 10 kwa pakiti hizo, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta. Unaona basi: gemu ni ile ile, ila sheria ya nchi moja inaweza kuufunga mfereji wa mapato.

La kufanya leo: badilisha PIN ya M-Pesa, ondoa njia ya malipo iliyohifadhiwa katika akaunti ya mtoto, na uweke udhibiti wa mzazi wenye kikomo cha matumizi. Halafu kaa naye umweleze. Usimpige, aliyeitega mitego hiyo ni mtu mzima.

Mapato yao yanapanda au yanashuka baada ya kuachana na jina la FIFA?

Mwaka wao huisha Machi 31. Ulioishia 2022 walipata dola bilioni 6.99; wa 2023, bilioni 7.43; wa 2024, ambao ndio wa kwanza kwa jina jipya la EA Sports FC, bilioni 7.56; na wa 2025, bilioni 7.46. Kwa hiyo kubadilisha jina hakukuwaangusha. Walipoyumba ni Januari 2025, walipotangaza kwamba gemu ya soka imepoa kuliko walivyotarajia, na hisa zao zikaporomoka.

Naagiza mali Dubai na dola inanitesa. Na wao inawatesa? – Mfanyabiashara wa Mwembe Tayari

Sana, kaka, ila wao huumia ikipanda dhidi ya euro na pauni. Chukua gemu ya euro 70. Katikati ya 2021 euro moja ilikuwa dola 1.18 hivi, basi gemu ile ilikuwa sawa na dola 83 hivi. Septemba 2022 euro ilishuka chini ya dola moja, na gemu ile ile ikawa haifiki 70. Hakuna mteja aliyepungua, lakini Ulaya inaonekana imeshuka. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ni kinyume chake: huhesabu kwa yeni na zaidi ya robo tatu ya mauzo yake ni nje ya Japani, hivyo yeni ikidhoofika mapato yanavimba. Wewe uliyeipitia dola ya shilingi 160 Januari 2024, kisha ukaiona ikirudi 130 mwaka ule ule, hili halikupi taabu kulielewa.

Serikali yetu inapata kodi yoyote hapo?

Ukinunua kwa simu, kwa akaunti ya Kenya, ukalipa kwa M-Pesa, ndiyo: huduma za kidijitali zinatozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Tena tangu mwisho wa 2024 kampuni za nje zisizo na ofisi hapa zinadaiwa kodi nyingine inayofikia asilimia 3 ya mapato yao ya Kenya. Lakini mwenye akaunti ya PlayStation iliyosajiliwa Uingereza analipa bei iliyokwisha kubeba VAT ya Uingereza, asilimia 20, na hiyo haifiki KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.