Taa ya reli kwenye bastola: ushauri kwa waliopata cheti karibuni

Wengi wanaopata cheti cha kumiliki bastola hapa Mombasa, wakishazoea uzito wake kiunoni, huanza kuulizia taa ya kufunga kwenye reli, yaani ukingo wa kushikilia vifaa ulio chini ya mtutu, na swali lao la kwanza huwa ni taa hiyo ina lumeni ngapi, yaani inatoa mwanga kiasi gani. Ningependa waanze na swali jingine: mwanga huo utamwezesha mwenye bastola kumtambua nani, akiwa umbali gani, na akiwa ameelekeza mtutu wapi? Taa hii kazi yake ni kumtambua mtu ambaye tayari kuna sababu nzito ya kumshikia silaha. Haikuundwa kwa ajili ya kutafuta funguo zilizoanguka, wala kumulika ua umeme ukikatika, wala kuangalia ni nani anayegonga geti.

Kwa hiyo kabla ya kununua taa ya bastola, nunua tochi nzuri ya mkononi na uibebe kila siku. Taa iliyofungwa kwenye bastola humulika pale mtutu unapoelekea, na kila unachokimulika umekielekezea silaha. Fikiria nyumba zetu zilivyo usiku, hasa mwezi wa Ramadhani: vijana wanarudi kutoka tarawehe wakiwa wamechelewa, mama yuko jikoni akitayarisha daku, jirani anapita uchochoroni kwenda kumwamsha mwenzake, na mlinzi wa jengo anazunguka na rungu lake. Karibu kila mtu utakayemwona gizani ni mtu wako au ni mtu asiye na hatia. Hao wote wanastahili kumulikwa kwa tochi, na bastola ibaki kwenye ala yake.

Sasa nirudi kwenye lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, ilhali kandela ni ukali wa mwanga huo pale katikati ya mwale. Mfano mzuri ni taa mbili za kampuni ya SureFire: X300 Ultra ina lumeni 1,000 na kandela 11,300, na X300 Turbo ina lumeni 650 tu lakini kandela 66,000. Mnunuzi anayetazama lumeni peke yake atadhani ya pili ni dhaifu, kumbe inafika mbali zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kandela kwa umbali wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, nawe utapata laksi, yaani kipimo cha mwanga unaomwangukia mtu. Kwa mita tano, ile ya kwanza inatoa laksi 452, na ya pili laksi 2,640.

Ukali huo una manufaa kwa askari anayelinda ghala kubwa au uwanja mpana. Mtu anayeishi katika nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta nene zilizopakwa chokaa, au katika ghorofa la Tudor lenye ukumbi mwembamba, atapata shida, kwa sababu ukuta mweupe ulio karibu utamrudishia mwale machoni na kumwacha haoni kitu kwa muda, na macho yaliyopoteza mazoea ya giza huchukua takriban nusu saa kuyarejesha kikamilifu. Kwa nyumba za namna hiyo mimi hupendekeza taa yenye mwale mpana na ukali wa wastani. TLR-7A ya kampuni ya Streamlight, yenye lumeni 500 na kandela 5,000, inatosha kabisa kwa chumba na ukumbi, na udogo wake ni faida nyingine kwa anayebeba bastola chini ya shati.

Chokaa hiyo hiyo inaweza kuwa msaada kwa anayejua kuitumia. Mtutu ukielekezwa sakafuni, hatua chache mbele ya miguu yako, au kwenye pembe ya dari, mwanga unaorudi kutoka ukutani huangaza chumba kizima kiasi cha kuuona uso wa mtu na mikono yake bila kumwelekezea silaha. Lifanyie hili mazoezi nyumbani kwako, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa katika chumba kingine kilichofungwa, hadi ujue ni kuta zipi zinazorudisha mwanga vizuri na ni kioo kipi cha kabati kitakachokupofusha. Mara nyingi ni mkono unaoamua jambo, kwa sababu mtu aliyeshika simu na mtu aliyeshika panga wanaweza kuwa na sura ileile ya hofu.

Swichi ndiyo sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote. Ibonyezwe kwa kidole gumba cha mkono unaosaidia, na kamwe isibonyezwe kwa kidole cha kufyatulia. Mwaka 2010, katika mji wa Plano, Texas, nchini Marekani, polisi mmoja alimpiga risasi na kumuua mtu, kisha akaeleza kwamba alikusudia kuwasha taa ya bastola yake. Swichi ya aina ile hukaa mbele ya mpini, chini ya ukingo wa kifyatulio, na huwashwa kwa kukaza kidole. Mtu mwenye hofu hukaza vidole vyote kwa pamoja. Ukiona taa yenye swichi ya hivyo, iache dukani. Chagua ile inayowaka kwa muda wa kubonyeza tu na kuzima unapoachia, kisha zoea kuiwasha kwa ufupi, kuona, kuizima na kusogea, kwa maana taa inayoachwa ikiwaka humwonyesha kila mtu ulipo.

Kuhusu kufunga, angalia kwanza kama bastola yako ina reli. Ceska CZ 75 ya asili haina, lakini P-01 na SP-01 za kiwanda hichohicho zinayo. Glock 19 ya matoleo ya karibuni inayo, na Glock 43 haina. Reli ya Picatinny, ambayo Jeshi la Marekani liliiwekea kiwango mwaka 1995, ina mitaro yenye upana wa milimita 5.23, ila reli ya Glock ina mtaro mmoja wenye kipimo chake, na ndiyo sababu taa nzuri huja na vipande kadhaa vya kubadilisha. Toa magazini, kisha fungua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, na uhakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba ni tupu, ndipo uifunge taa ukiipachika kutoka ubavuni au chini, mkono wako usipite mbele ya mdomo wa mtutu hata mara moja. Kaza skrubu kwa kiasi kilichoelezwa na mtengenezaji, halafu chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka skrubu na mwili wa taa; mstari ukikatika, utajua kwamba imelegea. Baada ya hapo nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa na ufyatue risasi za kutosha kuona kwamba bastola haikwami na taa haizimiki. Taa za kuigiza zinazouzwa rahisi mtandaoni kwa ajili ya bunduki za mchezo hufanana sana na zile halisi, lakini haziwezi kustahimili mshtuko wa risasi.

Ala ya zamani haitaingia tena, na hili wengi wanaoanza hulisahau katika bajeti yao. Tafuta iliyoumbwa kwa bastola hiyo pamoja na taa hiyo, na ikague hasa penye kifyatulio, kwa kuwa taa pana huacha mwanya ambao ncha ya shati au kamba ya koti inaweza kuingia na kuvuta kifyatulio unapoirudisha bastola. Kama kidole chako kinafikia kifyatulio ilhali bastola imo ndani, ala hiyo haikufai.

Pwani yetu ina adui mwingine, nayo ni chumvi. Iwe kaskazi au kusi, upepo wa baharini hubeba unyevu wa chumvi hadi ndani ya kabati, na pale skrubu ya chuma inapogusana na mwili wa alumini ndipo ulaji wa metali unapoanzia. Futa taa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, paka mafuta mepesi kwenye skrubu na grisi ya silikoni kwenye mpira wa mfuniko wa betri, na weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya sefu. Alama ya IPX7 inamaanisha kwamba taa ilistahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, na haisemi lolote kuhusu miezi ya hewa ya Nyali au Likoni. Lenzi nayo huchafuliwa na masizi ya risasi; ukiipaka utando mwembamba wa mafuta kabla ya mazoezi, masizi yatafutika kwa urahisi.

Betri za CR123A, zinazotumiwa na taa nyingi za aina hii, ni za volti 3 na hazichajiwi. Usitie za kuchaji za umbo hilohilo ila mtengenezaji awe ameruhusu, kwa sababu mbili zilizojaa zinaweza kufikia volti 8.4 badala ya 6 na kuunguza taa. Usichanganye mpya na iliyotumika. Badilisha zote kwa tarehe utakayoikumbuka, mathalani mwanzo wa Ramadhani, na zile zilizotoka zihamishie kwenye tochi ya jikoni.

Mwisho, usiagize chochote kutoka nje kabla ya kuiuliza kwa maandishi Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kama kifaa hicho kinaruhusiwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Taja jina kamili la taa, na useme wazi kama ina leza au haina. Jibu likija, lihifadhi pamoja na cheti chako.