Biskuti anakitema ukingoni

SWALI: Asalaam aleikum Mjomba. Nalea mbwa wa tajiri wangu huku Nyali, Mombasa, jike la Labrador, jina lake Biskuti, umri miezi 10. Tajiri anarudi kwao Uingereza mwezi wa nane, na anakwenda naye akawe mbwa wa kuokota bata wanaopigwa bunduki ziwani. Ameniachia filimbi na kifurushi cha turubai cha mazoezi, akasema nimnoe. Uani analeta vizuri, hata kwenye nyasi ndefu. Baharini ni balaa. Mara nyingi maji yakimfika tumboni anasimama anabweka. Siku akiingia, akirudi anakitema kifurushi ukingoni, anajikung'uta, kisha anakinyakua na kutimka nacho ufuo mzima, mimi nyuma, watu wanacheka. Je, nimwingize majini kwa nguvu? — Mlezi wa Mbwa

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Usimwingize kwa nguvu. Nakwambia mimi niliyewahi kulifanya kosa hilo. Zamani nikishika mbwa wa ulinzi nilikuwa na dume, Kamanda, nikamsukuma kutoka ngazi za gati pale Tudor nikidhani akishaogelea mara moja atazoea. Kuogelea aliogelea. Lakini tangu siku ile, akiniona nimeelekea ngazini alijilaza chini kama gunia la mchele. Ilinichukua miezi kumrudisha, nikikaa naye kitako kwenye maji ya kifundo cha mguu, wapita njia wakiniuliza kama ni mzima.

Huyo wako ana maji damuni. Babu zake walifanya kazi na wavuvi wa Newfoundland, Kanada, kabla Waingereza hawajawafanya mbwa wa windo na kilabu yao ya mbwa kuwatambua rasmi mwaka 1903. Mwangalie vidole: vina ngozi katikati kama vya bata. Basi tatizo si kuogelea. Tatizo la kwanza ni mahali ulipompeleka.

Msimu huu wa kusi, hata ndani ya mwamba, vijiwimbi vya Nyali vinampiga usoni kabla miguu haijaacha mchanga. Mpeleke kwenye mkono wa bahari wa Tudor, penye mchanga unaoteremka polepole. Nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kwenye bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wake haumjui mwanafunzi. Fika maji yakishajaa na kutulia. Na usikariri saa, maana kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Yakishakupwa usiende kabisa: ni matope, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata nyayo kama wembe.

Funga kikoi chako uingie wewe kwanza. Usimwite, tembea tu. Akikufuata mpaka tumboni, rusha kifurushi hatua mbili mbele yake, pale anapokifikia miguu ikiwa bado chini. Siku nyingine, urefu wa mwili wake mbele zaidi. Rusha moja kwa moja kuelekea kilindini, usirushe sambamba na ufuo, la sivyo atagundua kwamba kukimbia nchi kavu ni karibu kuliko kuogelea. Mbwa akishaigundua hiyo, kumtoa ni kazi. Mara tatu nne zinatosha, kisha rudini nyumbani yeye bado anataka.

Sasa kule kutema. Watu hudhani ni kiburi. Hapana. Maji yanamwasha masikioni na mgongoni, anataka kujikung'uta, na mdomo ukiwa umejaa hawezi kujikung'uta vizuri. Ziwani kule tabia hiyo ina hasara: bata aliyejeruhiwa akitemwa ukingoni anarudi majini au anapotelea kwenye matete. Kwa hiyo usimngoje juu ufuoni. Mngoje majini, maji yakiwa magotini mwako, na ukipokee kabla hajatoka, kabla hajapata nafasi ya kujikung'uta. Wiki ya kwanza fanya hivyo tu. Halafu rudi nyuma hatua moja, maji ya kifundo. Halafu ukingoni. Halafu hatua mbili nchi kavu. Akitema, ujue umeharakisha, rudi ndani hatua moja.

Huku nyumbani mfundishe kushika. Mpe kifurushi, tembea naye ubavuni mzunguko mmoja wa uani, akiwa amekishika mpaka umwambie aachie. Akishaweza, mmwagie ndoo ya maji mgongoni akiwa nacho mdomoni, uendelee kutembea. Atakutazama kama mtu aliyedhulumiwa. Akivumilia hiyo mara kadhaa, ufuoni atavumilia.

Na kutimka kule umemfundisha wewe, samahani. Kila unapomfukuza unamlipa. Mfunge kamba nyepesi ya mita 10, isiyo na fundo mwishoni isije ikanasa kwenye mizizi. Akitoka majini mpe mgongo, tembea upande mwingine, chuchumaa. Akija, usikurupuke kumnyang'anya. Mpapase kifua kwanza, msifu angali amekishika, halafu ndipo uombe. Anayenyang'anywa kila mara hujifunza kukaa mbali na mkono.

Turubai lake litunze. Likipotea, kipande cha mpira wa zimamoto kilichozibwa ncha zote na kujazwa vipande vya godoro kinaelea vizuri. Usimrushie fimbo, huchoma koo. Kumbi la nazi nalo linaelea vizuri ajabu, lakini atalichambua, na mbwa aliyezoea kuchambua atawachambua na bata wa watu.

Beba maji baridi ya kunywa umnyweshe kabla na baada. Akibugia chumvi nyingi atatapika na kuharisha, na ikizidi ni hatari ya maisha. Nyumbani msuuze, mkaushe masikio kwa kitambaa, maana masikio yaliyolala hayapati upepo na huoza haraka. Usikimbilie madimbwi ya mvua yaliyotuama kwa sababu tu hayana chumvi. Mkojo wa panya humo huleta ugonjwa unaoua mbwa na kumpata mtu pia.

Jambo jingine, la ujirani. Mbwa mkavu ana simile, mbwa aliyelowa ana kesi. Akijikung'uta karibu na mtu anayeelekea msikitini, huyo, kwa madhehebu yetu ya Shafii, ana kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na wewe utakuwa umemchelewesha alasiri. Kufuga mbwa wa windo au wa ulinzi hakuna ubaya, ila usimpitishe amelowa vichochoroni. Mfunge kamba, mkaushe kwa gunia, ndipo uondoke.

Muulize tajiri wako maneno anayotumia kumwamuru, uyatumie hayohayo, hata kama yanakukwama mdomoni. Msimu wa bata kwao unaanza Septemba 1. Akifika huko anajua Kiswahili pekee, kazi yako yote imebaki bandarini. Filimbi vilevile, mkubaliane: mlio mmoja mrefu ni simama, vifupi vifupi ni njoo.

Mwezi wa mwisho kabla hajasafiri, tafuta bata. Si wa kuwinda, uwindaji wa starehe hapa umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Nenda kwa muuza kuku yeyote anayechinja na bata, umwombe mabawa mawili, uyafunge juu ya turubai kwa uzi. Wapo mbwa wanaoleta turubai miezi sita bila kosa, siku wakionja manyoya wanayatema au wanayatafuna. Heri ulijue hilo ukiwa Tudor. Mabawa hayo yanakaa siku kadhaa kwenye friza. Yangu niliyafunga kwenye mfuko mweusi nisimwambie mama watoto, akayatoa akidhani ni samaki.